Mtu Aliyepandisha Zebaki Juu Kuliko Wote

Asubuhi ile niliondoka Mikindani bila kujua ninakwenda wapi. Nilifunga shuka, shati la pili na kisu ndani ya kanga kuukuu ya dada yangu, nikavuta mlango, nikatoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilichoka tu kuamka mahali pale pale. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu hiyo hiyo, na bandarini Mtwara, walipokuwa wanajenga gati, nilibeba mawe miezi michache nikaacha vilevile. Mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa njiani, ndiyo maana nyumba hainikai.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mtwara ikiwa bado inanuka saruji mbichi. Penye njia ya kwenda Mpapura nilikuta lori limesimama, boneti wazi, dereva ameingiza kichwa humo kama anakunywa maji. Kando yake kijana wa rika langu, kaptula nyeupe na soksi ndefu, ameketi chini amelikumbatia sanduku dogo la mbao. Mimi siwezi kupita penye sanduku nisiulize. Nikauliza mna nini.

"Zebaki," akasema. "Likianguka hili, nimekwisha."

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mtu wa bara, kutoka upande wa ziwa kubwa, na masomo yake aliyafanyia Uganda. Likizo ile alikuwa na utafiti wake: apime msukumo wa damu wa watu wa vijijini, vijana kwa wazee, aone kama unapanda na umri kama alivyoukuta unapanda kwa vibarua wa mjini. Shida yake ilikuwa lugha. Huko alikokuwa anakwenda wazee wengi Kiswahili walikisema kwa kubabaisha, na yeye Kimakonde na Kimakua hakujua hata neno. Mama yangu Mmakonde, baba Mmakua. Akaniuliza nina kazi gani. Nikamwambia sina.

"Basi umeshapata mtu," dereva akasema kutoka ndani ya boneti. "Huyu hata nauli ya kurudi hana haja nayo."

Ndivyo nilivyopata ukalimani.

Lori lilituacha kwenye kijiji kimoja kusini mwa pale panapoitwa Ziwani, mikorosho michanga pande zote na mihogo katikati. Dereva akasema atarudi Ijumaa ya wiki ya pili. Tulipokewa na jumbe, mkuu wa kijiji, tukapewa chumba cha nje, na jioni hiyo mwenzangu alinifundisha kile kifaa. Unamfunga mtu kitambaa mkononi juu ya kiwiko, unabinya kipira, upepo unaingia, na zebaki inapanda ndani ya kioo kilichosimama kwenye mfuniko wa sanduku. Alinivalisha mirija masikioni nisikilize mkono wangu mwenyewe. Kwanza kimya, kama kisima kilichofunikwa. Akaachia upepo kidogo kidogo, na ghafla nikasikia mtu anabisha hodi mbali sana. Akabisha, akabisha, halafu akaondoka.

"Hodi ya kwanza ndiyo namba ya juu," alisema. "Ikipotea, hiyo ndiyo ya chini." Nilitaka kulala na mirija masikioni.

Kesho yake wanawake hawakuja, ila wanaume walijaa barazani kwa jumbe. Nilieleza kama nilivyoelezwa: hiki ni kifaa cha kupima nguvu inayosukuma damu mwilini. Hakuna neno la uongo hapo. Lakini wao walichokiona kwa macho ni kitu cheupe kinachong'aa kinapanda ndani ya kioo, na kwa mmoja kinacheza juu, kwa mwingine chini. Kabla ya adhuhuri yalikuwa mashindano.

"Wewe imeishia kifuani pa kioo. Nenda kapike."

"Ngoja nikale muhogo nirudi! Nimepimwa na njaa."

"Hata ungekula punda. Babu yako amekushinda na meno hana."

Mwenzangu hakuyasikia haya, maana alikuwa ameziba masikio. Alifurahi kuona watu wanapanga foleni. Kila aliposhika mkono aliukuta mwepesi, damu imetulia, hata kwa wazee, na jioni aliniambia hivyo ndivyo alivyotumaini.

Siku ya tatu akaja mpasua mbao. Huyu alikuwa mtu wa makamo, shingo nene, mabega ya kupita mlangoni kwa upande. Alikaa, akanyoosha mkono kama anampa mtoto achezee. Mwenzangu akabinya kipira mpaka pale alipozoea, akasikiliza, akakunja uso. Akabinya tena. Zebaki ikapanda. Akasikiliza, akabinya tena.

"Kioo hakimtoshi!" mmoja akapiga kelele.

"Leteni kingine! Leteni cha ng'ombe!"

Watu walisimama. Walimpigia makofi, wakamnyanyua mkono mwingine juu kama aliyeangusha mtu kwenye mieleka. Mimi nilikuwa nimeshika sanduku, kwa hiyo niliuona uso wa mwanafunzi kwa karibu. Midomo ilikuwa imemkauka. Alimpima mkono wa pili, akamwomba apumzike, akampima tena, na kesho yake akamfuata nyumbani akampima kabla hajanywa hata uji. Ilikuwa vilevile.

"Huyu ni mgonjwa kuliko mtu yeyote niliyempima tangu nianze," aliniambia.

"Jana amebeba gogo peke yake."

"Ndiyo ubaya wake. Ugonjwa huu hauumi. Mishipa yake inabeba mzigo usiku na mchana. Mmoja ukipasuka kichwani ataanguka, upande mmoja utakufa, au atakufa kabisa. Asiendelee na ule msumeno. Ijumaa nimpandishe lori nimpeleke hospitali. Dawa ni chache, lakini kulala tu kitandani kutamsaidia."

Tukaenda kumwambia kazini kwake. Kupasua mbao ni kazi ya watu wawili: gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja amesimama juu yake anavuta msumeno kupanda, mwenzake yuko shimoni anavuta kushuka, unga wa mbao unamwingia machoni. Wa juu ndiye mwenye mzigo, na wa juu alikuwa yeye. Nilimweleza kwa Kimakonde taratibu, neno kwa neno. Alisikiliza, akafuta jasho, akauliza, "Mimi niliyeshinda ndiye mgonjwa? Na walioshindwa mmewaambia wazima?"

Shimoni mtu akacheka mpaka akakohoa.

Alasiri ile mke wake alikuja uani kwetu. Hakukaa. Alisema mumewe kila alfajiri anajifunga kitambaa kichwani kwa kubana, na mara mbili amekuta damu ya pua kwenye mto. Mtu mmoja anamwona wawili.

"Mimi hanisikii," alisema. "Imamu akimwambia anaitikia, kisha anachukua msumeno. Kuna mtu mmoja tu akimsema hakasiriki, mtani wake. Yule wa shimoni. Mwambieni yeye."

Koo za wale wawili zilikuwa na utani tangu mababu. Mtani aliweza kuchukua kuku wa mwenzake akala mbele yake, akamwita mbwa mbele ya mkwewe, na aliyetukanwa haruhusiwi kununa. Mambo ambayo ndugu hawezi kuyatamka, yeye anayatamka sokoni. Mwanafunzi alipolielewa hilo alifurahi. Kwa nini hatukuanzia huko, alisema. Hata mimi niliona ni njia nzuri.

Tulimwita mtani. Alikuwa mwembamba, kope zote zimejaa unga wa mbao. Alianza na mizaha, lakini mwanafunzi alipofika penye mshipa wa kichwani aliiacha, na nikaona ameelewa. Akauliza, "Akiacha msumeno atapona?"

"Ataishi zaidi. Lakini aache sasa, na Ijumaa aje nasi."

"Nitamwambia kesho," akasema. "Kwangu hana pa kukimbilia."

Kesho yake asubuhi watu walikuwa wamekusanyika penye shimo kusaidia kulisogeza gogo jipya. Mtani akapanda juu ya kifusi.

"We maiti! Shuka kwenye gogo langu. Daktari anasema kichwa chako kitapasuka kama fenesi bovu."

Vicheko. Mpasua mbao akajibu, "Kikipasuka nitahakikisha umekaa chini yake."

"Sanda nimeshakuchagulia. Fupi. Miguu nitaiacha nje, fisi nao wana watoto."

Watu wakashika mbavu. Mtani akangoja wanyamaze, kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Sikiliza. Nasema kweli. Acha msumeno."

"Na mimi nasema kweli. Wewe ni mbwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtani alimshika shati kifuani kwa mikono miwili, akamsihi. Alimtaja mkewe, alimtaja mtoto wake mdogo. Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye unga usoni. Na kila alipozidi kulia watu walizidi kucheka, mpaka wengine wakakaa chini, kwa sababu hakuna utani mtamu kuliko mtani kumlilia mtani wake aliye hai. Hawakuwa wamewahi kuona mzaha uliofanywa vizuri namna ile. Hata mpasua mbao alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Mkewe alisimama mbali na ndoo kichwani, akageuka akaenda zake.

Sikuondoka pale. Mwanafunzi alirudi kwa jumbe kujaribu kumshawishi aingilie, mimi nikakaa pembeni ya shimo. Msumeno ukaanza. Una sauti mbili, nene ukipanda na nyembamba ukishuka, na ukikaa nazo muda unaanza kupumua nazo. Mtani alikuwa amerudi shimoni. Alikuwa amerudi kwenye matusi pia, maana hakuwa na kitu kingine kilichobaki.

"Vuta, maiti! Vuta, jeneza linakungoja!"

Jua lilipoanza kuwa kali, mkono wa kushoto wa mpasua mbao uliachia mpini. Aliutazama ule mkono kama ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Akasema neno, likatoka limelegea, bila mifupa. Nikaita. Akaketi juu ya gogo, polepole, halafu akajilaza ubavu kama mtu aliyepata kivuli.

"Umelala, we punda?" ikatoka sauti chini. "Vuta! Mkono umeota mizizi? Nitakuja huko nikutie adabu mbele ya watoto wako!"

Akatukana tena, na tena. Msumeno ulikuwa umenasa katikati ya mbao. Kisha sauti ikakatika, na kwa muda hakuna aliyetoka shimoni.

Hakuifikia Ijumaa. Alikoroma mpaka siku ya pili, akanyamaza kabla ya swala ya adhuhuri. Mazishini watu walimwachia mtani nafasi yake, kama ilivyo desturi: ateremke kaburini kabla ya maiti, ajilaze, adai kitu, acheze, watu wapumue kidogo. Akateremka. Akajilaza. Tulingoja mzaha. Alilala pale macho wazi, akitazama juu, mpaka imamu akaamuru ashikwe mkono atolewe.

Baada ya hapo hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali. Walitupisha njiani. Niliona wanaume waliopimwa wakijishika mkono, pale juu ya kiwiko. Kwa jumbe nilisikia wakisema: kabla ya sanduku alikuwa mzima, tena mzima kuliko sote. Mwingine akasema, si sanduku. Ni maneno. Kijana wa bara alisema atapasuka mshipa, na yule mwingine akayageuza kwa lugha yetu ili mshipa usikie. Nani ajuaye saa ya mtu kama si aliyeiweka?

Mzee mmoja alikuja mlangoni kwetu, akavua shati, akanyoosha mkono. "Mlinipima siku ya kwanza," alisema. "Nirudishieni nguvu zangu."

Mwanafunzi hakujua afanye nini. Alimfunga kitambaa, akakijaza upepo, akauachia wote mara moja. Mzee akashukuru. Jioni walikuja wengine sita, na walipomaliza hawakuaga.

Jumbe alituita. "Siwafukuzi, wanangu. Lakini lori likija, msilikawishe."

Lilikuja Ijumaa. Mwanafunzi alipanda na sanduku lake mapajani. Aliniambia ana namba moja ambayo walimu wake hawataiamini, kisha akatazama pembeni kama aliyejisikia amesema kitu kibaya. Akanisogezea nafasi. Nikamwambia sirudi. Njia ya Mikindani niliijua, na nilikuwa bado sijataka kulala mahali ninapopajua.

Nilishika njia ya mashariki. Katika kila kijiji niliitikiwa salamu, halafu macho yakashuka mikononi mwangu, kuangalia nimebeba nini. Habari zilikuwa zimetangulia. Penye kisima kimoja wanawake walifunika ndoo zao nilipokaribia, wakazifunua nilipopita.

Nilifika Msimbati jua limeinama, miguu imejaa mchanga. Nikaelekezwa kwa mjane mmoja mwenye chumba cha uani. Nilimkuta anachambua dagaa juu ya jamvi.

"Shikamoo, mama. Natafuta pa kulala."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Wewe ndiye msemaji wa lile sanduku."

Nilifungua kanga yangu chini, mbele yake: shuka, shati, kisu. Alivitazama kimoja kimoja.

"Chumba kipo," alisema mwishoni. "Kitanda kipo, kamba zake nzima. Chakula utakula tunachokula. Lakini nakupa sharti moja. Ukiona kitu mwilini mwangu, usiniambie."

Nikamwambia sawa.

Aliinuka, akatangulia kunionyesha. Toka jamvini hadi mlango wa chumba hapakuwa mbali, lakini alisimama njiani mara mbili, mkono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka, na pumzi yake ikatoa filimbi nyembamba. Nilisimama nyuma yake, nikatazama makuti ya paa. Alipopata pumzi alisukuma mlango, akanikaribisha ndani.