Mwaka wangu wa kwanza sekondari kwa mapadri Kasongo, na siku mwezi ulipoonekana Kabambare

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni mzee wa Kasongo, Maniema. Herufi za simu siku hizi zinanikimbia, kwa hiyo anayesema ni mimi na anayeandika ni mjukuu wangu Sauda. Akikosea mgombezeni yeye. Ila haya ninayoyaleta nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Niliona uzi wa vijana wanalalamika kwamba form one ni ngumu. Nikacheka mpaka Sauda akaniuliza kama niko mzima.

Sikieni ya kwetu.

Ilikuwa bado wakati wa Mbelgiji. Sekondari ya maana ilikuwa ya mapadri, na watoto wa Kiislamu mle ndani tulihesabika kwa vidole. Mwaka ule niliingia Mwislamu mmoja tu, mimi, Rashidi.

Niliingiaje? Baba alikuwa fundi wa kushona. Kanzu za waswalihina wa mjini alishona yeye, na kanzu za mapadri alishona yeye, cherehani ni ileile. Siku moja direkta wa shule alikuja kupimwa kanzu mpya, baba akamshika na futi shingoni akamwambia, "Mompere, niko na mutoto ana akili." Mompere ndivyo tulivyowaita mapadri. Basi na futi shingoni utakataa?

Wakuu, ile furaha! Kaptula ya kaki, shati jeupe, sanduku la mbao. Nilikuwa naamka kabla ya kengele ili niguse madaftari yangu tu. Kilatini! Mtoto wa Kasongo anakariri Kilatini, jioni akienda kuoga mtoni anawasalimia samaki kwa Kilatini.

(Darasa letu la kwanza Wabelgiji waliliita la sita, maana walihesabu kurudi nyuma. Mama aliposikia niko la sita alidhani nimerushwa madarasa, akawatangazia majirani wote. Hakuna aliyemsahihisha.)

Sisi wageni tuliitwa mableu. Bleu anachota maji, bleu anasugua masufuria, bleu akicheka sana anaulizwa anacheka nini.

Kitandani jirani yangu alikuwa Kazimiri, Mbangubangu wa kutoka Wamaza, kule wilaya ya Kabambare. Mkristo safi, mtumishi wa misa, direkta alimpenda kuliko sisi wote. Mfupi, mbishi, anacheka kwa pua. Tulipatana siku ya kwanza tu, maana wote wawili tulilia usiku na kila mmoja alisingizia mafua.

Sasa ikaingia Ramadhani.

Nilikuwa nimemwahidi baba mambo mawili: nitasoma, na nitafunga. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini interna, yaani shule ya kulala, ina kazi za mikono, na siku za mwanzo tu, jua la saa sita, tukiwa shamba la mihogo, nilianguka chini na jembe langu.

Nilipofumbua macho nikaona ndevu. Direkta. Alikuwa mtu wa haki, ila akiogopa anakasirika. Jioni akatupanga mstari na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Miye najibu kwa wazazi wenu. Mutoto yeyote akianguka tena kwa njaa hapa kwangu, anarudi kwao. Awe nani."

Wote wakanigeukia mimi.

Wakuu, niliogopa jamani. Nikiacha kufunga, nimemsaliti baba. Nikiendelea na mwili ukakataa, shule imekwisha, na shule nyingine ya kunipokea haikuwepo.

Kazimiri akaniambia, "Weye funga. Mengine niachie."

Na kweli. Kule refektwari, ndiyo chumba cha kulia, sahani ilitakiwa irudi tupu. Kazimiri alikaa ubavuni kwangu, anakula yake, kisha anakula nusu ya yangu. Nusu nyingine anaifunga kwenye jani la mgomba, bugali na sombe, ndiyo kisamvu, magharibi ananiletea nyuma ya bweni. Alinenepa mwezi ule, nawaapia!

Siku zikaenda. Mwili ukazoea. Nikawa golikipa wa mableu, tena golikipa kweli.

Tukafika Jumapili ya mechi: mableu dhidi ya darasa la juu yetu. Anayefungwa anachota maji ya jikoni mpaka mwisho wa mwaka. Shule nzima ilikuwa inaongea hiyo tu!

Jana yake magharibi nilikuwa nimeangalia mbinguni mpaka shingo ikauma. Mawingu matupu. Mjini nao hawakuona kitu. Basi, nikasema, Idi ni kesho kutwa, kesho nafunga.

Mchana tukaingia uwanjani. Pekupeku, mpira wa utomvu wa msituni, unaruka unapotaka wenyewe. Kelele! Nilidaka, nikapiga ngumi, nikala vumbi. Nilijisikia simba.

Ila beki wangu Kazimiri sikumwelewa. Anakimbia kama mlevi. Anakosa mipira ya wazi. Nikamfokea, "Weye Kazimiri! Umelala?" Akainama akashika magoti akihema, kisha akarudi kwenye nafasi yake.

Wakatufunga moja. Wakatufunga la pili. Likaja shuti lingine, vumbi likatimka mbele ya goli langu, na mtu akaanguka puu!

Watoto wakajaa. Kwa mbali nikamwona direkta anakimbia, kanzu ameishika magotini, anapiga kelele:

"Nilijua! Rashidi! Si nilisema? Si nilisema?"

Nikasimama kwenye goli langu nikainua mkono. "Niko hapa, mompere."

Alisimama kama amegonga ukuta. Akaniangalia mimi. Akaangalia chini. Aliyelala pale alikuwa Kazimiri.

Wakammwagia maji, akafumbua macho. Direkta akapiga magoti vumbini.

"Umekula nini leo?"

"Sikukula, mompere."

"Tangu lini?"

"Tangu jana magharibi."

Asubuhi alipokea komunyo, na zamani ilikuwa hupokei ukiwa umekula. Lakini baada ya misa aliacha uji, na mchana chakula chake na nusu ya changu aliwagawia wenzake. Mimi niliyekaa ubavuni kwake sikuona kitu, nilikuwa nawaza mechi.

"Sasa kwa nini?"

Kazimiri akasema polepole, "Ramazani iko inaisha, na Rashidi amefunga peke yake mwezi muzima. Nilitaka siku moja tufunge wawili."

Wakuu, hapa nimemwambia Sauda asimamishe kidogo kuandika. Sauda ananiangalia.

Kisha msimamizi wetu wa nidhamu, kijana mkubwa mwenye roho ya rula, akasema, "Mompere, ulisema awe nani."

Ndiyo, alisema. Mbele ya shule nzima.

Mdomo wangu ulitangulia akili. "Mompere, Kazimiri akirudi Wamaza, miye pia narudi kwetu."

Direkta alikuwa anavuta ndevu.

Na hapo ndipo tukasikia vigelegele.

Kumbe! Shangazi yangu Mwamini, dada ya baba, anakatiza uwanja wa mapadri katikati, mahali ambapo mwanamke haingii, siniya kichwani, leso inapepea!

"Rashidi! Kula, mwanangu! Mwezi umeonekana Kabambare! Leo ni Idi na sisi tuko tunafunga kama wajinga!"

Kule Kabambare mbingu ilikuwa safi. Lori la pamba lilikuja na wazee wawili walioona mwezi, wakaapa msikitini mchana uleule. Kufunga siku ya Idi ni haramu, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unakimbilia vyungu. Sala ikawekwa kesho yake asubuhi.

Direkta akaanza, "Mama, hapa hairuhusiwi..."

"Shikamoo baba padri. Watoto wana njaa, maneno baadaye."

Akaketi palepale kwenye goli akafunua siniya. Wali, kuku, vitumbua. Akamtazama Kazimiri, "Na huyu mbona amepauka? Njoo, baba, njoo." Tukala mkono mmoja baada ya mwingine, vumbi na machozi vyote humo humo.

Msimamizi bado anasubiri. "Mompere, basi tuandike nini? Ameanguka kwa njaa."

Direkta akasimama, akakung'uta magoti.

"Nani alisema njaa? Ameanguka kwa sababu uwanja uko mubaya. Una mashimo. Kesho wote mutashika majembe mutausawazisha."

Shule nzima ikalipuka! Kazimiri akacheka kwa pua, punje ya wali ikamtoka.

Kisha direkta akanigeukia mimi. "Weye kesho asubuhi nenda musali na baba yako. Halafu urudi hapa ulime."

Urudi hapa. Nilisikia hayo tu.

Mechi tulipoteza, maji tulichota mpaka mikono ikaota sugu. Lakini Ramadhani iliyofuata, jikoni waliweka sahani yangu ya magharibi, na hakuna aliyeuliza. Nilimaliza shule ile, nikawa mwalimu maisha yangu yote.

Kazimiri yuko Wamaza, mzee kama mimi, masikio hayasikii tena. Kila Ramadhani ikikaribia kuisha ananipigia simu, anapiga kelele, "Rashidi! Huku tumeuona! Kula!" Hata siku yenyewe ikiwa bado.

Nilichojifunza, vijana: mwaka wa kwanza wa shule utasahau Kilatini chote, mimi nimebaki na salamu ya samaki tu. Aliyekaa na njaa kwa ajili yako humsahau.

Haya, waliopita interna popote pale, ubavuni kwako kitandani alilala nani, na leo yuko wapi? Mtajeni hapa chini, Sauda atanisomea.