Harusi Juu ya Mchanga wa Chisense

Enzi zetu huku Nchelenge, kando ya ziwa, tarehe ya harusi haikupangwa na mwenye ukumbi. Ilipangwa na mwezi. Ukumbi wenyewe ulikuwa mchanga wa ufukweni, na siku nyingine mchanga huo ulikuwa wa chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, wavuvi wanalala kwao, mchanga unabaki mtupu. Basi hapo ndipo watu walipooana. Mama alikuwa akisema, "Mbele ya kuuliza bibi-arusi atavaa nini, uliza chisense itatoka ku muchanga saa gani."

Kazi yetu watoto ilikuwa kufagia, kufukuza mbuzi na kuiba vitumbua vya wageni. Hakuna aliyepiga picha ya kitumbua. Tulikila.

Sasa, harusi ya yaya Odette, dada yangu mkubwa. Baba aliuhesabu mwezi vizuri sana, lakini akasahau mvua. Mawingu yakaufunika, giza likawa totoro, na wavuvi wakaingia ziwani, riziki haikataliwi. Asubuhi tukafika na matete, mabenchi na masufuria, tukakuta mchanga wote mweupe kwa chisense. Pa kuweka kidole hapakuwapo.

"Bamama, leo tuko na ndoa hapa!" mama akalia.

"Na siye tuko na samaki," wenye samaki wakajibu. "Ndoa haiozi."

Wakwe walikuwa njiani kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, na walipaswa kurudi na bibi-arusi kabla upepo wa jioni haujachafua ziwa. Mama mkwe mwenyewe, mwanamke wa sauti kubwa, alikwisha kusema kwamba watu wa Nchelenge hawajui mpango. Odette alijua kuwa mtumbwi ungeondoka bila yeye. Alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Mtumbwi ukagonga ufuko. Mama mkwe akashuka na kitenge chake kipya, akatazama mchanga, akatutazama sisi. Kisha yule mama akapiga magoti, akaokota chisense mmoja, akambonyeza.

"Hii ingali mbichi," akasema. "Munasimama kama miti kwa nini? Mugeuze!"

Akafunga kitenge juu ya magoti. Ee bwana, harusi nzima ikageuza samaki! Mchungaji na tai yake, bwana harusi na viatu vya kuazima, hata Odette na shela lake. Mawingu yalikuwa yameondoka, jua likawaka kwa hasira, na mchana samaki walikuwa wamekauka na kuzolewa. Tukafagia, tukasimika matete, ndoa ikafungwa. Wakati wa kupanda mtumbwi, mama mkwe aliona magamba yaking'aa kwenye miguu ya Odette. Mama akakimbia na kitambaa.

"Wacha hapo," mama mkwe akasema. "Sasa ndiyo ameolewa."

Juzi tumemwoza Grace, mjukuu wa Odette. Watoto wa siku hizi! Aliuliza rangi ya mapazia ya ukumbi, akauliza mahali pa kupigia picha. Wapambaji wataingia saa ngapi na vyombo vitatoka saa ngapi, hilo hakuuliza. Wapambaji walitoka mjini Mansa alfajiri, wakakaa na maputo yao nje mpaka mchana, maana ndani mlikuwa na mkutano wa watu wengine. Walipomaliza kupamba na wageni kuketi, jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mwenye funguo za ukumbi akaanza kukusanya viti. Akafikia kiti cha Odette, naye Odette amekikalia.

"Nkambo," akamwita kwa heshima, kama bibi yake mwenyewe, "muda umekwisha."

Keki ilikuwa haijakatwa. Grace akaanza kulia, wanja ukashuka, nami nikaona sura ya bibi yake vilevile.

Odette akavua viatu. "Mwezi iko mukubwa," akasema. "Tubebe keki, twende ku muchanga."

Tukaenda. Mchanga ulikuwa mtupu, unatungoja, na hakuna aliyetudai kiti. Lakini wale bamama waliogeuza samaki pamoja nasi hawapo tena, na vijana walishika simu juu badala ya kushikana mikono. Nilimkumbuka mama.

"Nkambo, hapa tunatoka saa ngapi?" Grace akauliza.

"Mupaka mwezi ikonde."

Kisha Grace akaona gamba la chisense, la pale mchangani, limeganda kwenye gauni lake jeupe, akanyoosha kucha alitoe. Odette akamshika mkono.

"Wacha hapo, mutoto wangu. Sasa ndiyo umeolewa."