Saba Mara Nane Shambani Chumbi

Juzi nilipopita Chumbi niliwaona watoto wakifukuza ndege wakiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, nikamkumbuka bibi. Alikuwa mwalimu mstaafu. Kila msimu wa ndege, wanafunzi walipoacha shule kulinda mpunga, aliwafuata huko huko bila malipo, akasimama kwenye tope lenye harufu ya majani mabichi.

“Saba mara nane,” aliita.

“Hamsini na sita,” madungu yote yakajibu kwa kelele, na ndege wakaruka.

“Mwalimu, si umestaafu? Pumzika basi,” jirani alimtania.

“Wakifeli hawa, watazeekea humu humu na ndege.”

Mimi, ambaye wakati huo nilikuwa sijaanza shule, niliamini ule ni wimbo wa kufukuzia ndege. Nilipoukuta ubaoni darasa la pili, nilishangaa mwalimu ameujulia wapi.