Ngoja-Kwanza na Diski Iliyojaa

Ofisini tunamwita Ngoja-Kwanza, na jina limemkaa. Ni fundi wa kompyuta zetu, zilizojaa chumba kizima chenye baridi ya kufa mtu, zote zikisaidiana kazi. Mimi nakaa meza ya pili, na siku nyingine natamani kumrushia kikombe. Kabla hajagusa kitu, lazima apite mashine moja moja kuangalia kama zimeunganishwa na ghala la pamoja la mafaili. Mkewe anasema hata nyumbani hawatoki mpaka arudi kukagua jiko.

Juzi bosi alitoa amri: mashine ya saba ifutwe yote, diski imejaa. Mlangoni alikuwa ameketi dada mmoja mwanafunzi, macho mekundu. Matokeo ya utafiti wake, aliyoyahifadhi siku umeme uliporudi baada ya kukatika, yalikuwa hayaonekani, na bila hayo hahitimu mwaka huu. Tulishapekua ghala zima tukaambulia patupu. Mama yake alishaambiwa asijisumbue kushona nguo ya mahafali.

"Futa, kaka, tukale," nikamwambia Ngoja-Kwanza. Njaa ilikuwa inaniuma.

"Imejazwa na nini?"

"Takataka! Kwani unataka kuzila?"

"Mafolda yote haya ni mepesi. Kilichoijaza kiko wapi?"

Nikasonya. Yeye wala! Akainamia kioo, akakuna kidevu.

"Umeme uliporudi, mashine hii peke yake haikuunganishwa na ghala," akasema. "Mimi ndiye niliyeiunganisha kesho yake."

Jamani! Folda ya ghala huwa ipo kwenye kila mashine, hata ghala lenyewe likiwa halijaunganishwa. Ukihifadhi humo, kazi inabaki kwenye diski ya mashine yenyewe. Ghala likija kuunganishwa, linaifunika palepale, kama kawa juu ya chakula, na hakuna anayeiona tena. Nami nilikuwa nahimiza tufute!

Akalitenganisha ghala na mashine ya saba, akaifungua folda. Mafaili ya yule dada yalikuwa yamejazana humo, yote. Akayanakili, akayakagua, ndipo akamwita.

Dada alitazama kioo, akachomoa simu. Akampigia mama yake. "Mama," akaanza, akaangua kilio.

Mama wa watu akaanza kumbembeleza, tukimsikia sote: "Basi, mwanangu, usilie. Mwaka ujao si mbali."

"Hapana, mama. Mwaka huu."