Enid Hapandi Boti

Jirani yangu Enid Thirtle ana ulimi wa upupu. Kila kiangazi, wageni wakimiminika kijijini kwetu Norfolk kutazama kanisa la kale na kuchora mawingu, yeye hukaa gatini akiuza mikate ya kaa na kuwafokea wanaoelekea bwawani, kwenye matope na majani yanayofunikwa na bahari. Kule maji hayaji kwa mbele. Huingia kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kimyakimya, ukigeuka njia haipo. Mwanawe Colin alikwenda hivyo. Boti ya uokoaji iliwachukua wenzake wawili ikarudi, kwa kuwa mtu alisema Colin keshafika nchi kavu. Hakuwa amefika.

Mwaka jana, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kijana wa London aitwaye Julian alipita na ubao wake wa kuchorea.

“We kijana! Maji yanajaa sasa hivi.”

“Nusu saa tu, mama.”

“Nusu saa yako au ya bahari?”

Akacheka, akaenda zake.

Saa ikapita, Julian haonekani. Enid akavua aproni. “Doreen,” akaniambia, “nishikie duka.”

“Una wazimu? Na magoti hayo?”

“Magoti ni yangu,” akasema, akashuka topeni.

Haukupita muda nikamwona Julian anatoka baa, glasi ya bia mkononi. Kumbe alishapanda kwa njia ya mashariki zamani! Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikawapigia waokoaji.

Tulikiona kichwa cheupe cha Enid kati ya majani, kisha maji yakang’aa pande zote. Boti ya uokoaji ya Barry Mace ilipomfikia yalikuwa kiunoni. Hatukuyaamini macho yetu: alikuwa anaisukuma boti.

Mwokoaji mmoja alisimama nasi gatini na redio. Sauti ya Barry ikatoka humo: “Hapandi! Anasema tumtafute kijana kwanza.”

“Mwambie kijana yuko hapa!”

“Nimemwambia. Anasema hata Colin tulisema yuko nchi kavu.”

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Maji yalifika kifuani, na mkondo ulishaanza kumyumbisha. Wakimvuta kwa nguvu, anajinasua. Nikamkamata Julian shingoni, nikambandika redio mdomoni.

“Sema naye!”

“Mama, ni mimi, mchoraji. Niko gatini.”

Barry akajibu: “Anasema yeyote anaweza kusema hivyo.”

Julian alikuwa analia sasa, mtu mzima na ndevu zake. “Mama, uliniuliza, nusu saa yangu au ya bahari. Nikacheka. Nisamehe. Panda, tafadhali.”

Tukasubiri. Nilimwomba Mungu ambaye simwombi mara nyingi. Kule mbali watu wawili waliinama, na kile kichwa cheupe kikapanda juu ya ubavu wa boti.

Walimleta amevikwa blanketi, midomo ya buluu. Julian akasogea, na mimi nikajua leo atachunwa ngozi. Enid akaishika mikono ya koti lake, akaipapasa mpaka mabegani. Ilikuwa mikavu.

“Mama yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Mpigie.”

“Nimwambie nini? Hata hajui kama niko huku.”

“Mwambie umefika nchi kavu,” Enid akasema, na hakumwachia mpaka simu ikapokelewa.