Jino la Kukatia Uzi

Wateja walimwita Fundi mbele yake, na Kibogoyo akishawapa mgongo. Alijua. Miaka thelathini na sita, meno ya ukubwani tisa tu kinywani, na kati yake jino moja la utoto, upande wa kushoto chini, ambalo halijawahi kung'oka. Jino hilo ndilo alilokatia uzi. Ukimpelekea gauni la kupunguza, utamwona anainama, anauma upande wa kushoto, kat! Mkasi upo mezani, lakini huo ni wa kitambaa.

Asubuhi hiyo alifunga kibanda akaenda kwa daktari wa meno, maana alichoka kucheka huku kaziba mdomo. Alitaka meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa kwa skrubu kwenye mfupa. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamwonyesha picha ya taya lake.

"Hapa mfupa ni mwembamba mno. Skrubu haitashika."

"Mwembamba vipi, daktari? Taya si hili hapa?" Fundi akajishika kidevu.

"Kwa chini mfupa upo. Lakini ukingo wake, huu unaoshika meno, huota pamoja na jino. Wewe ulizaliwa bila mbegu za meno mengi ya ukubwani, kwa hiyo ukingo haukupata sababu ya kunenepa. Na ulipong'olewa yale ya utoto, ukazidi kupungua."

Fundi akatoa macho. Maisha yake yote kitambaa hutangulia, kifungo hufuata. Leo anaambiwa kifungo ndicho kinacholeta kitambaa! Aliuliza tena, akajibiwa tena, akatikisa kichwa kukubali ili mama wa watu asichoke.

"Lakini tazama hapa kushoto," daktari akasema. "Chini ya hili jino la utoto mfupa umejaa. Limeulinda. Una watoto?"

"Binti mmoja. Ana miaka kumi na miwili."

"Mlete apigwe picha. Hali hii huweza kurithiwa. Kabla ya hapo asing'olewe jino lolote."

Njia nzima alijiuliza. Meno yake ya utoto aliyang'oa nani kama si mama yake mzazi? Sita, kwa uzi, kwa mapenzi yote, eti kuyapisha makubwa yaliyokuwa njiani. Hili la kushoto lilipona kwa sababu alimng'ata mama kidole. Sasa amkasirikie? Na yale sita yangekaa mpaka leo, au yangedondoka yenyewe? Hilo hata daktari hakulisema.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha cherehani ya pale nyumbani, mjukuu kapiga magoti mbele yake, mdomo wazi. Uzi mweusi wa kushonea suruali ulikuwa umefungwa kwenye jino la binti, ncha ya pili imezungushwa kwenye kidole cha bibi.

"Usivute, mama!"

Bibi akashtuka. "Kuna nini tena? Msichana mkubwa hivi na jino la kitoto! La ukubwani litapita wapi?"

"Huenda halipo."

"Halipo, limekwenda wapi?"

Fundi alieleza alivyoweza: mbegu, mfupa, picha, kifungo, kitambaa. Maneno yalitoka shaghalabaghala, na hata yeye mwenyewe hakujielewa. Lakini bibi akautazama mdomo wa Fundi, binti yake, yale mapengo aliyoyazoea kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Kwa hiyo ni mimi?" akauliza.

"Sijui, mama. Haki ya Mungu, sijui."

Na kweli hakujua. Alichokiona ni kwamba uzi bado ulikuwa umekaza, na mwanawe ametoa macho kwa woga. Mkasi ulikuwa mezani, hatua mbili tu. Fundi hakuufuata. Aliinama katikati ya bibi na mjukuu, akauingiza uzi mdomoni, upande wa kushoto, akauma.