Mdundo Uliopigwa Nje ya Kuta

Moshi wa tanuru la matofali una harufu ya udongo mbichi na majani makavu ya mgomba. Kila nipitapo kijijini kwetu Kaisho nikaunusa, ndugu msomaji, kichwani mwangu husikika fimbo ikivunja mfupa wa mtu.

Shule yetu ya muziki ilikuwa ya umma, lakini tulisomea katika ghala kuukuu la kahawa. Wazazi walifyatua na kuchoma matofali ya jengo jipya, kisha wakangoja. Msingi ukaota nyasi. Kila mkubwa aliyefika aliahidi kurudi, na kila mara matofali mengine yaliibwa. Hasira ya wanaume wa kijiji ilikuwa imeiva. Ilikosa mtu wa kumshukia tu.

Hatimaye akaja mhandisi, kijana mpole wa kutoka mbali, na futi kamba yake. Tulimpigia shikamoo kwa sauti moja hadi akacheka. Alitaka kujua kuta ziwe nene kiasi gani ili ngoma zetu zisisikike nje.

"Mwalimu, hebu nisikie mdundo wenu mkubwa kuliko yote."

Kwa furaha ya kumwona mtu aliyekuja kweli, Mwalimu Laurenti akajisahau. Alipiga mdundo wa hatari, ule ambao kwetu humtoa kila mwanamume shambani, na ambao alitufundisha ghalani tu, milango ikiwa imefungwa. Siku ile tulikuwa juu ya msingi, mahali peupe.

Wanaume walitoka migombani na fimbo na miundu, mbele yao Tata, baba yangu. Wakamwona mgeni ameinama katikati ya matofali yao.

"Leo tumekupata, mwizi wa matofali! Umezoea, eeh?"

"Ni mhandisi!" Mwalimu alipiga kelele. "Mnamuua anayetujengea!"

"Kaa kando, Mwalimu! Au mnagawana?"

Fimbo ya Tata ilivunja mkono wa yule kijana. Tofali likampasua mdomo, damu ikarukia soksi zangu. Mwalimu akajitupa juu yake, na vipigo vilikoma pale tu walipotambua kwamba mgongo wanaoupiga ulikuwa wa Mwalimu Laurenti.

Akiwa juu ya machela, mhandisi alisema kwa midomo iliyovimba, "Mwalimu, nimesikia. Ziwe nene."

Hakurudi. Kwa miaka mingi hakuja mwingine. Jioni ile Tata hakugusa chakula, alimwambia mama maneno mawili tu, "Ngoma iliita." Nilimchukia, na chuki ile nikaenda nayo hadi chuo kikuu.

Ilinibidi nilee watoto wangu ndipo nikumbuke viganja vyake vilivyoungua kwenye tanuru. Hakuna mzazi aliyechoma matofali mengi kama yeye, naye hakujua kuimba hata wimbo mmoja wa kanisani. Katika shule ile alikuwa na mtoto mmoja tu. Mkono alioinua siku ile, aliuinua kwa ajili yangu.